Mrejesho: bunduki ya mitutu miwili kwa kanga na kwale

Ndugu zangu, niliuliza kama kwa kuwinda kanga na kwale inafaa bunduki ya mitutu iliyolala sambamba au iliyopandana, nami narejea kutoka Arusha na jibu. Nilichukua ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), mitutu sambamba, yenye vifyatulio viwili: kwale akiruka karibu navuta cha mbele, ambacho mtutu wake umebanwa kidogo tu mdomoni ili risasi ndogondogo zitawanyike mapema, na kanga aliyekwisha kufika mbali namwachia cha nyuma, ambacho mtutu wake umebanwa zaidi ili risasi zifike mbali zikiwa pamoja. Kasoro iliyojitokeza ni kitako kirefu kilichonasa kwapani hata nikakosa ndege wanne mfululizo (kanga, kwa ukubwa wake, huaibisha zaidi). Fundi amekipunguza, na shavu sasa linakaa mahali pake, ingawa kwale anayekata pembeni bado ananishinda.