Eti nimefuata baraza ya kahawa!

Ndugu wanajukwaa, yule bibi wa dirisha la dharura pale hospitalini mnamfahamu nyote, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Usiku huu, saa tano, nimesimama mbele yake na sikio linaloniuma tangu Alhamisi, naye akanitazama kuanzia kandambili hadi kofia, akasema kwa sauti ya mnadani: “Baba, hapa ni dharura, si baraza ya kahawa.” Mama mkwe wangu alikuwa benchi la mbele.

Baraza ya kahawa! Nimetoka Makorora kwa bodaboda, kila shimo likinipigia ngoma kichwani. Najua kwamba pale hutangulizwa aliye mahututi hata akifika wa mwisho, na sikuomba kumpita majeruhi yeyote. Lakini zahanati ya mtaani kwetu hufungwa alasiri, nami hutoka kazini magharibi; siku niliyoiwahi, dawa zilikuwa zimekwisha, nikaandikiwa karatasi ya dukani. Mlango usiofungwa usiku ni ule mmoja, na ndani yake daktari, maabara na dawa viko pamoja. Ningempelekea nani sikio, mvuvi? Mama mkwe alificha kicheko ndani ya buibui. Baraza ya kahawa!

Kijana wa Chumbageni: Pole, mzee wangu. Kashata ulipata?

Muuguzi Mstaafu: Ami, idara kamili ya dharura ya kwanza katika hospitali ya umma nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, nanyi mmekwisha kuzigeuza zahanati za usiku. Nimewahi kupokea fangasi wa kidole, mwombaji wa cheti cha mapumziko na kijana aliyetaka kupimwa uzito, ilhali mama mwenye kifafa cha mimba yuko mlangoni.

Mtu wa Pongwe: Mimi nilifuata ngazi zote, zahanati kisha kituo cha afya, nikisubiri barua ya rufaa kama posa. Nilipoipata, jipu lilikwisha kupasuka lenyewe ndani ya daladala.

Mwenye Sikio: Tafadhali turejee kwenye kauli ya yule bibi.

Kijana wa Chumbageni: Daladala ya Jumanne asubuhi?

Bi Mkubwa wa Ngamiani: Kumbe ni wewe! Nilikuwa kiti cha pembeni, na kanga yangu haijatakata mpaka leo.