Ushauri jamani: kijana wa P5 (darasa la tano) mwenye usonji (autism), shule ndogo au abaki shule kubwa?

MamaShaka_Jinja: Salaam wakubwa na wadogo. Nina kijana wa miaka 11, yuko P5. Kliniki ya watoto pale hospitali ya Butabika, Kampala, walituambia ana usonji. Kusoma anasoma, nyumbani anaongea mpaka unachoka, ila kelele zinammaliza. Darasani kwao wako zaidi ya 90, na kengele ya shule ni ile rimu ya gari inayogongwa kwa nondo, imening'inia karibu na dirisha lao. Ikilia anaingia chini ya dawati, mwalimu anasema ni utundu. Huku kwetu kuna shule ndogo, watoto hawafiki 20. Wanasoma masomo ya kawaida, halafu kuna bustani, kupika, kufua, kwenda dukani na kuhesabu chenji, mpaka namna ya kusema "nimechoka, niacheni kidogo". Kengele hawana, mwalimu anapita na kibao kimeandikwa "mapumziko". Nimpeleke huko, au avumilie shule kubwa mpaka P7? Usingizi sina.

Bodaboda_Msomi: Kufua, kupika na bustani? Mpeleke kwa bibi yake kijijini, hiyo shule ipo na ada hakuna.

Shangazi_Bombo: Enzi zetu usonji haukuwepo, ilikuwepo fimbo. Kaka yangu alikuwa vivyo hivyo. Hasemi na mtu, akifika msikitini anapanga viatu vya watu kwa ukubwa. Shuleni walimchapa hadi akakimbia, akiwa P3. Leo ni fundi redio, mtaa mzima unamtegemea, lakini akiletewa barua anamwita mtoto amsomee. Sijui kwa nini nimeyaandika haya. Mtoto wako anakula vizuri?

Mwl_Arua: Fimbo shuleni ni kosa tangu Sheria ya Watoto irekebishwe 2016, ingawa wenzangu wengine bado wanayo kabatini. Mama Shaka, hao walimu wa shule ndogo kuna aliyesomea mahitaji maalumu, tuseme Chuo Kikuu cha Kyambogo? Na shule ina namba ya kituo cha mtihani kutoka UNEB, baraza la mitihani? PLE, mtihani wa kumaliza P7, haina karatasi ya kupika. Mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 45 kila karatasi, ila shule ndiyo inayomwombea, tena mapema, na ripoti ya daktari ikiwa mkononi. Shule isiyowahi kuandikisha mtahiniwa inaweza kulala usingizi kwenye hilo.

MamaShaka_Jinja: Mmoja katoka Kyambogo. Namba ya kituo bado, watoto wataandikishiwa shule ya jirani. Mbona shule nyingi zinafanya hivyo, wala si tatizo.

Mpakani_Busia: Mama, unauliza au unatetea? Mtoto muhula huu yuko wapi?

MamaShaka_Jinja: Leo Jumamosi, yuko hapa nyumbani.

Mpakani_Busia: Na Jumatatu?

MamaShaka_Jinja: Haya. Yuko shule ndogo tangu muhula ufunguliwe, na ada nimeshalipa. Pesa ilitoka kwa baba mkwe, mzee mstaafu wa jeshi. Yeye aliitoa kwa ajili ya bweni, shule moja kubwa inayosifika kwa daraja la kwanza, akasema bweni litamnyoosha. Mimi nikaipeleka huku. Mume wangu anajua, yuko kazini Juba. Mzee hajui. Jumapili ijayo ni siku ya kutembelea watoto kule bweni na anasema anakwenda mwenyewe. Kabla hamjanipiga mawe, lile bweni nililiona: vitanda vya dabodeka ukumbi mzima, taa inawaka usiku kucha. Mwanangu huyu sweta ya shule haivai mpaka nikate lebo ya shingoni. Angelala vipi mle?

Bodaboda_Msomi: Kumbe tunajadili mzee! Ungesema mapema, nisingemtuma mtoto kijijini.

Hajji_Mstaafu: Binti, mimi nimekula posho ya jeshi miaka mingi. Pesa ya mtu huibadilishi njia bila kumwambia. UPE, elimu ya msingi bila ada, ilipoanza 1997 niliwaambia wanangu sasa hamna kisingizio. Wengi walisoma. Mmoja aliuza madaftari akanunua mpira, na huyo ndiye anayenitumia pesa ya dawa mpaka leo. Lakini aliniambia siku ile ile.

Mchunguzi_KLA: Jamani, pua zenu zimeziba? Rimu, lebo ya sweta, mzee wa jeshi, mume Juba. Mwenye shule anatafuta wateja hapa. Kesho mtaona namba ya simu, "kwa maelezo zaidi".

Bodaboda_Msomi: Atakayewahi anapewa kibao bure.

MamaShaka_Jinja: Jina la shule nimelitaja wapi? Basi andikeni na haya kwenye hilo tangazo: choo ni kimoja, wavulana kwa wasichana. Mwalimu wa hesabu kaondoka, tunangoja mwingine. Kiingereza chake kimerudi nyuma. Uzio ni mabua, mwanangu alishapenya akakutwa stendi ya teksi anasoma namba za magari. Lakini juzi nilimtuma nyanya, karudi ananiambia muuzaji alitaka kumpunja shilingi 200 na yeye akamwambia "hesabu tena". Huyu nje ya nyumba alikuwa hafungui mdomo.

Mchunguzi_KLA: Uzio wa mabua hakuna anayeutangaza. Nimerudi nyuma. Ila huyo mume wa Juba bado namtazama.

Mwl_Arua: Hilo la stendi umelipitisha kama maji, nami ndilo linalonitisha. Mtoto anayependa namba za magari atarudi pale pale, na teksi zinarudi kinyumenyume bila kuangalia. Jumatatu uzio kwanza, wazazi mchange mbao kama pesa hakuna. Halafu hiyo shule ya jirani nenda mwenyewe ukawaulize wamewahi kumwombea nani muda wa ziada. Wakijibu "tutaangalia", anza kutafuta nyingine sasa, usingoje P7.

Shangazi_Bombo: Na mzee umpeleke shule ndogo kabla ya Jumapili. Mtoto ampikie chai huko huko.

Hajji_Mstaafu: Chai baadaye, risiti kwanza. Bweni ni ghali kuliko kutwa. Iliyobaki iko wapi?

MamaShaka_Jinja: Iliyobaki ni uzi mwingine, Hajji.

Mpakani_Busia: Haya, hayo ndiyo tuliyokuwa tunayangoja.

MamaShaka_Jinja: Mzee kapiga simu sasa hivi. Anauliza kama bweni wanaruhusu kuingia na kuku wa kuchoma.

Bodaboda_Msomi: Mwambie wanaruhusu, ila bweni limehama.