Wadau wa kamera: 24MP (megapikseli, yaani pikseli milioni 24) kwa harusi bado inatosha au nihamie 45MP kwenda juu?

Picha_Moro:
Habari za jioni wakuu. Napiga harusi na send-off hapa Morogoro na wilaya za jirani, natumia Sony A7 III ya 24MP na lenzi ya milimita 28-70 ile inayokuja na bodi (kamera yenyewe). Nina akiba ya vifaa na kila ninayemuuliza ananiambia chukua bodi ya megapikseli nyingi, wengine Nikon Z7 II ya 45, wengine A7R IV ya 61, wanasema wateja wa siku hizi wanazumu mpaka kope. Kinachonisumbua hasa ni picha za ukumbini usiku, uso wa bibi harusi ukiukuza unakuta umelainika kama umepakwa mafuta na shela halionyeshi nyuzi kabisa. Nikiongeza megapikseli hili litaisha? Naombeni mnijibu kwa uzoefu, hela yenyewe ni ya kujichanga.

FundiLenzi:
Mkuu kabla hujatoa hata mia, angalia picha zako zinaishia wapi. TV ya 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, yaani 8MP na kidogo. A4 ukiprinti kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) inataka kama 8.7MP, A3 kama 17.4. Kamera yako inatoa 6000 kwa 4000, hata fremu ya ukutani ya inchi 20 kwa 30 unapata dpi 200 na fremu kubwa hivyo watu wanaitazama wakiwa mbali kidogo. Halafu kutoka 24 kwenda 45 watu wanadhani undani unakuwa karibu mara mbili, sivyo, undani unafuata pikseli za upana na za urefu, si jumla yake, Z7 II ina 8256 kwa upana, ukilinganisha na 6000 ni ongezeko la kama asilimia 38 tu. Mara mbili ya kweli ungehitaji 96MP.

Shida yako ya ukumbini iko kwenye mwanga. Hiyo lenzi ukiivuta mpaka 70 tundu lake la mwanga linafunguka f/5.6 tu (namba ikiwa ndogo ndo tundu kubwa), ukumbi una giza, kamera inapandisha ISO (kiwango cha kukuza mwanga) mpaka 6400 au zaidi, noizi (chengachenga) inajaa, ukiisafisha kwenye kuediti ndo nyuzi za shela zinafutika pamoja nayo. Ukiwa na lenzi ya f/2.8 hapohapo, spidi ileile ya shata, unashuka mpaka ISO 1600. Ukiongeza flashi ukaigonga kwenye dari jeupe unashuka tena. Bodi ya 61MP nyuma ya lenzi hiyohiyo itakuonyesha ukungu uleule, mkubwa zaidi.

NdegeNaPori:
Nakubaliana na fundi kwa harusi ila msiseme megapikseli hazina kazi jamani. Mimi napiga ndege na wanyama, Manyara na Serengeti, gari hairuhusiwi kutoka barabarani ovyo ovyo, chui yuko kwenye mti kule na lenzi yangu imeishia hapo. Kwenye 45MP nakata pembeni nabakiza sehemu ya katikati, napata kama 19 au 20 ambazo bado naziuza, kwenye 24 kata hiyohiyo inaniachia kumi hivi. Kwangu ni chakula hicho. Ila wewe bibi harusi unaweza kumsogelea, piga hatua mbili mbele.

AlbamuDodoma:
Naprinti albamu, niongeze la kwangu. Kurasa nyingi ninazotoa ni inchi 12 kwa 18, kwa dpi 300 hiyo ni 19MP na ushee, kwahiyo 24 inatosha kabisa tena na kukata pembeni kidogo. Kinachoniumiza ni wapiga picha wenye kamera za maana wananitumia picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, imeshabanwa, pikseli nyingi zimepotea, halafu mteja analalamika ukurasa una ukungu. Tumeni kama dokyumenti au leteni flashi diski. Na mjue RAW (faili ghafi la kamera) ya 61MP isiyobanwa inafika karibu MB 120, harusi ya picha 2,000 ni kama GB 240, ya 24MP haifiki 100. Hard disk na kompyuta ya kubeba hivyo navyo ni bajeti.

Picha_Moro:
Asanteni sana wakuu, hapo kwenye ISO ndo penyewe, nimecheki picha za juzi nyingi ziko 8000 mpaka 12800 na f/5.6 kweli. Sasa nianze na 85 f/1.8 au 28-75 f/2.8?

FundiLenzi:
Ukumbini unazunguka, kuna meza, kuna ndugu wanaserebuka, utahitaji kupanua na kuvuta picha bila kubadili lenzi, anza na 28-75 f/2.8 na flashi moja nzuri yenye kichwa kinachogeuka. 85 itafuata harusi zikilipa. Bodi iache hivyohivyo, Canon 1D X Mark III ya mwaka 2020 waliyoitengenezea watu wa michezo na habari ilitoka na 20MP na picha zake zimejaa magazetini.