Ukoo wa Mzee Shabani: msumari wa Idi

Shangazi Rehema: Idi kakanyaga msumari wa bati huko mnakobomoa banda la mbuzi. Umepenya kandambili. Nani yuko naye, na kadi yake ya chanjo iko wapi?

Shangazi Rehema: Mmesoma wote, naona. Jibuni basi.

Hamisi: Niko naye. Tumemwagia mafuta ya taa, damu imekata.

Shangazi Rehema: Mafuta ya taa yanaunguza nyama tu, Hamisi. Osheni kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, dakika 10, muangalie saa. Mchanga unaoonekana utoeni, ila msichokonoe ndani. Majivu na dawa ya meno marufuku. Mfunikeni na kitambaa safi.

Juma: Msumari una kutu?

Shangazi Rehema: Kutu si hoja. Kijidudu cha pepopunda kinakaa kwenye udongo na samadi, na tundu jembamba lisilopata hewa ndipo kinapostawi. Hapo ni banda la mbuzi!

Juma: Mbuzi ambao hela yao hatujaiona mpaka leo 😂

Mama Asha: Na deni la bati je?

Hamisi: Juma, usianze.

Shangazi Rehema: Hayo baadaye! Idi ana dozi ngapi za chanjo ya pepopunda?

Juma: Si sindano za wajawazito hizo?

Shangazi Rehema: Ndiyo maana wanaume mnaumia. Wajawazito wanachanjwa kliniki. Nyie mkishamaliza za utotoni hakuna anayewaita. Kidonda kichafu kama hiki, ikiwa dozi ya mwisho imepita miaka 5, anachomwa. Kama hajafikisha dozi 3 au hajui, anachomwa leo, na aulizie pia sindano ya kingamwili, maana chanjo peke yake inachelewa kujenga kinga. Chanjo ya pili baada ya wiki 4, ya tatu miezi 6 mbele.

Idi: Shikamoo shangazi. Nakanyagia vizuri tu. Nitaenda Jumatatu.

Shangazi Rehema: Marahaba. Dalili huja kati ya siku 3 na 21, kidonda kikiwa kimeshafunga. Taya ikianza kukaza umechelewa.

Babu: Idi. Seif naye alisema Jumatatu. Panda pikipiki.

Idi: Naam Babu.

Hamisi: Nauli?

Shangazi Rehema: Natuma elfu kumi. Kadi?

Mama Asha: Ziko kwenye sanduku la marehemu bibi. Ufunguo anao Juma.

Shangazi Rehema: Juma?

Shangazi Rehema: Juma, nakuona uko hewani.