Tupeane uzoefu: una miaka thelathini na kitu, bado unampigia mama kuuliza kila kitu?

BintiWaMakete (mleta uzi)

Wadau, salama? Mimi nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, nafundisha sekondari hapa Mbeya mjini na nakaa Ilomba. Mama yuko Makete. Baba alitangulia mbele za haki miaka minne iliyopita.

Jumapili nilikuwa napitia simu nilizopiga, nikakuta ndani ya wiki moja nimempigia mama mara 19. Nikakaa nikazikumbuka moja moja. Maharage niliyonunua Mwanjelwa hayaivi, nifanyeje. Mtoto kaamka anakohoa na nje kuna baridi la Juni, nimpeleke shule au abaki. Fundi anataka nimmalizie hela kabla hajapiga plasta. Mtoto wa baba mdogo anaoa, kadi ya mchango imekuja, nitoe ngapi.

Mume wangu hajawahi kulalamika. Ila dada mmoja ninayefanya naye kazi aliniambia waziwazi kwamba mtu mzima haishi hivyo, na kwamba siku mama akiondoka nitabaki sijui pa kushika. Neno hilo limenikaa moyoni. Sioni kama amekosea, lakini sioni kama amemaliza pia.

Katika simu zote hizo, ya mchango ndiyo iliyonishitua. Nilitaka kutoa elfu hamsini kama ninavyowatolea wafanyakazi wenzangu. Mama akasema subiri. Nikasikia anafungua kabati, anapekua. Ana kaunta buku moja ya zamani anayoandika tangu msiba wa babu: nani alileta debe la mahindi, nani alitoa elfu mbili, nani alikuja na kuni, nani hakuwa na kitu ila alilala msibani siku tatu akichota maji. Akarudi kwenye simu akaniambia kuwa baba mdogo huyo, mwaka ule naenda kidato cha tano, aliuza ndama ili mimi nilipiwe ada, na hakutaka arudishiwe. "Hapo usitoe hamsini, mwanangu. Na usitume kwa simu. Nenda."

Nilikuwa sijui. Miaka yote nampa shikamoo yake na kupita, sijui kama elimu yangu ina ndama wake ndani.

Sasa naomba tupeane uzoefu. Wewe bado unawauliza wazazi nini? Nini uliacha kuwauliza, na ilikuwaje ulipoacha?

DerevaIpogolo

Kamwene dada. Mimi mtu wa Iringa, naendesha roli Dar es Salaam hadi Tunduma, huu mwaka wa kumi na moja. Mzee wangu naye alikuwa dereva barabara hii hii ya Tanzam. Leseni ninayo, mafunzo nimepita, lakini nikikabidhiwa gari nisilolijua nampigia nikiwa Ruaha Mbuyuni kabla sijaanza kuupanda mlima Kitonga, na nikirudi nampigia tena nikiwa Ilula kabla sijaushuka. Ananiuliza nimebeba nini, tani ngapi, breki nazisikiaje mguuni.

Kanuni yake ni ile ya madereva wote: mlima unaushuka kwa gia uliyopandia. Ukiachia gari likakolea mteremkoni, ukaanza kukanyaga breki mfululizo, zinachemka mpaka hazishiki tena. Hiyo hata darasani wanafundisha. Ambayo sikufundishwa darasani ni kwamba tajiri mwenye gari akikuharakisha, simu yake usiipokee hadi uwe umeshafika chini. Mwaka wa tatu wa kazi nilipuuza hilo. Nikapokea simu nikiwa juu, tajiri ananifokea mzigo umechelewa, nikaingia mteremkoni na hasira, gia iko juu. Kona ya pili nikasikia harufu ya breki. Mungu alinisaidia nikalisimamisha pembeni kwenye ukuta wa mlima, nikakaa saa mbili magurudumu yapoe. Nilimpigia mzee nikiwa bado natetemeka. Hakunigombeza. Aliniuliza kona gani, nikamweleza, akaniambia na yeye aliwahi kusimama hapo hapo.

Sasa macho yamemwishia, haoni hata bakuli lake vizuri. Lakini nikimtajia nilipofika, kona inayofuata anaijua.

MkamwanaTukuyu

Naomba niseme ya upande wa pili, na nasema kwa uchungu kidogo, mnisamehe.

Mimi ni mke wa mtu anayemuuliza mama yake kila kitu. Rangi ya geti. Shule ya mtoto. Mwaka juzi tulikubaliana wawili tununue ekari moja tupande parachichi, tukatoa na malipo ya kwanza. Siku tatu baadaye nakutana na mwenye shamba njiani ananiambia mbona mume wako alikuja kuchukua hela yake, mmeghairi? Mama mkwe alikuwa amesema eneo lile si zuri. Inawezekana kabisa alikuwa na sababu, yeye ni mwenyeji kuliko mimi. Kilichoniumiza ni kwamba mwenye shamba alijua kabla yangu.

Na mjue kwetu Unyakyusani mkamwana, yaani mke wa mtoto wao, hakai uso kwa uso na baba mkwe. Siku hizi wengi wamelegeza, ila nyumba niliyoolewa bado wanaishika mila hiyo. Kwa hiyo neno likitoka kule kwa wazee, mimi siwezi kwenda kukaa nao niulize kwa nini. Nangoja mume wangu aniletee, na ananiletea alichokumbuka. Ushauri unanifikia umeshakuwa amri.

Tulikaa na mshenga wetu, tukakubaliana hivi: kuuliza aulize, ila kwanza tuzungumze sisi, na jibu akishalipata lirudi nyumbani kabla halijatekelezwa. Huu mwaka wa pili. Kumetulia, ingawa si kabisa. Dada mleta uzi, mume wako halalamiki, lakini je, umewahi kumuuliza?

BintiWaMakete

Pole sana, na ndaga kwa kusema ukweli. Sijawahi kumuuliza. Nitamuuliza leo.

ViaziNjombe

Mimi ni mfano wa aliyeacha kuuliza.

Nilimaliza diploma ya kilimo nikarudi nyumbani Njombe na maneno mengi. Mzee alikuwa ananiambia shamba la bondeni limechoka na viazi, nilipumzishe, nipande mahindi na maharage misimu miwili mitatu. Mimi nikaona anaongea habari ya rutuba, na rutuba nitaiweka kwa mbolea. Nikapanda viazi juu ya viazi. Vikatoka vizuri mno, majani ya kijani, majirani wanasimama kuangalia. Vilipokaribia kuweka maua, shina moja likanyauka mchana wa saa saba kama limekosa maji, na udongo umelowa. Kesho yake mashina kumi. Ukikata shina na kulitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, uteute mweupe unashuka kama maziwa. Ni mnyauko wa bakteria. Chuoni nilisoma kabisa kwamba hauna dawa ya kupuliza, unakaa ardhini, unasambaa kwa mbegu yenye ugonjwa na maji yanayotiririka, na kwamba nyanya na viazi ni ndugu katika kuupata, kwa hiyo hata nyanya usizifuatishe hapo.

Mzee hakujua jina la ugonjwa. Alijua shamba. Alikuwa ameona miaka ya nyuma mashina yakilala pembe ile ile ya bondeni, akaacha, ukapungua. Mimi nilikuwa na jina, yeye ana kumbukumbu, na hatukuwahi kukaa tukaviweka pamoja kwa sababu niliona aibu msomi kumuuliza mtu wa darasa la nne. Ekari mbili zilikwenda.

Siku hizi kila mwezi wa kumi, kabla ya mvua, tunatembea shamba lote kwa miguu, yeye anaongea na mimi naandika. Mbegu na dawa naamua mimi. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ukitoka namsomea, naye ananiambia mvua ya kwanza ya Novemba kwetu huwa inadanganya, ningoje ya pili. Kwa hilo bado hatujakubaliana.

MamaMapachaVwawa

Nilipojifungua pacha, mama alikuja kuniuguza, Mungu ambariki, bila yeye nisingetoka. Kukanda, kuogesha, kuwageuza usiku, kujua kilio cha njaa na cha tumbo, hayo yote amenifundisha yeye. Lakini walipofika miezi mitatu akasema maziwa yangu hayawatoshi, niwaanzishie uji mwepesi. Kliniki walishatuambia maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita, hata maji hapana. Nikawa katikati. Kumkatalia mama yangu usoni, mtu anayelala sakafuni kwa ajili ya wanangu, siwezi. Kuwapa uji, siwezi.

Nilichofanya, siku ya kupima uzito nilimwomba anisaidie kubeba pacha mmoja, twende wote. Muuguzi alikuwa mtu mzima, akampa shikamoo, akamwekea kiti, akamwonyesha kadi na mstari wa uzito unavyopanda. Akamwambia, "Mama, hawa wameshiba." Tukarudi nyumbani, habari ya uji ikaisha, na hakuna aliyeshindwa. Tena asali ya kulambisha mtoto mchanga, ambayo nayo alikuwa nayo kwenye kichupa, muuguzi alimweleza kuwa si salama kabla ya mwaka mmoja. Akaisikia kwa mtu anayemheshimu.

Wanaonyonyesha, msigombane na mama zenu. Nendeni nao.

KihesaMjini

Kwangu imegeuka. Wao ndio wananiuliza. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ikiingia kwa baba, hanyanyuki kwenye kiti hadi anipigie. Mara moja hakunipigia, alitaka kuniepusha usumbufu niko kazini, ikaondoka hela ya mbolea. Tangu hapo simu yake naipokea hata nikiwa kikaoni, mwenye kikao anisamehe.

Ila bati la nyumba yangu nilimuuliza yeye. Muuzaji alinishawishi geji 30 kwa sababu ni rahisi, baba akasema chukua 28, ni nene zaidi, utapiga mara moja. Alikuwa fundi maisha yake yote.

NjiaPandaMakambako

Nimesoma yote kimya kimya. Mimi mama aliondoka nikiwa na miaka 15, baba nikiwa na 19. Niliwalea wadogo zangu wawili hapa Makambako.

Watu wanadhani kinachokosekana ni yale mambo makubwa. Makubwa yana watu: kuna wazee wa kanisa, kuna balozi, kuna wajomba wanakuja na suti. Kinachokosekana ni saa mbili usiku, mdogo wako wa kike anakuuliza kitu cha mwili wake na wewe ni mwanaume wa miaka 20, au unashika mfuko wa mbegu hujui nusu ekari inatumia kilo ngapi. Nilikuwa naenda kwa mama jirani. Nilikuwa natengeneza sababu, naazima kinu, halafu nikiwa nimesimama mlangoni ndio nauliza. Baada ya miezi kadhaa akaniambia, "Mwanangu, kinu unacho. Ingia ukae, uliza."

Bado namuuliza. Mwaka jana nilipokwenda kuposa, yeye ndiye aliyekaa upande wa mama yangu.

Huyo dada aliyekwambia mtu mzima haishi hivyo, msamehe. Lakini usipunguze hizo 19.

BintiWaMakete

Asanteni, nimesoma kila mmoja, ya Makambako nimeirudia mara tatu.

Nilimuuliza mume wangu. Alikaa kimya kidogo, akasema simu hazimsumbui, ila habari ya fundi wa plasta aliisikia kwanza kwa mama, si kwangu, na siku ile alijiona kama mgeni kwenye nyumba anayoijenga. Miaka kumi na moja ya ndoa, sikuwahi kulijua hilo. Kwa hiyo maharage na kikohozi nitaendelea kuuliza Makete. Ya nyumba yanaanza kwake.

Shule zimefungwa, naandika hii nikiwa nyumbani Makete. Tulipita njia ya Isyonje na Kitulo, asubuhi sakitu, umande ulioganda kwa baridi, imelala kwenye majani, nyeupe, wanangu walishuka garini kuishika. Harusi ya mtoto wa baba mdogo ni Jumamosi. Nimekuja mapema, nimepangiwa jikoni.

Jioni nakaa na mama jikoni kwenye moto, yeye anasoma kaunta buku, mimi nanakili kwenye daftari jipya na kumuuliza kila jina: ni nani, wa wapi, tuna undugu gani, ana watoto. Mengine anajibu kwa neno moja. Mengine chai inapoa. Mpaka wa shamba la juu nao nimeuliza, kesho kutwa ananipeleka kunionyesha jiwe.

Tumefika ukurasa wa tisa. Kuna mstari umeandikwa "mama wa Bulongwa, kuni mizigo miwili", hauna jina. Mama anasema alikuwa mtu mzima tayari, alibeba zile kuni kichwani, akaziweka, akalia msiba, akaondoka kabla hajapewa hata chai, na hakuna mtu wetu aliyewahi kurudi kwake. Kuna jirani ametuambia bado yupo hai. Kesho ukungu ukipanda tunakwenda, mimi na mama, na sukari kilo mbili na kitenge.