Nipande nini uani badala ya ukoka?

Mjenzi_Kigamboni: Wakuu, salaam. Nyumba imekamilika lakini ua bado ni mtupu, na fundi wa bustani anakuja Jumamosi. Nilipokuwa mpangaji nilichoka kumwagilia na kukata ukoka, kwa hiyo nachagua kati ya wedelia, ule mmea unaotambaa, na ile karanga ya mapambo yenye maua ya njano. Ipi ni bora?

Shamba_Darasa: Ndugu, swali hilo halijibiki hivyo. Kuna kivuli au jua la kutwa? Maji unayatoa wapi, na ni nani watakaopita juu yake?

Mama_Miche: Mimi nasimama na karanga, yaani Arachis pintoi. Ni jamii ya kunde, hivyo bakteria wa mizizini huipatia naitrojeni, huvumilia kivuli cha wastani, na haidai kukatwa kila wiki. Palilia miezi ya mwanzo, maana huchelewa kufunga ardhi.

Mzee_wa_Tegeta: Wedelia usiiguse. Niliipanda kando ya mtaro, pingili chache tu, na kila pingili iliyogusa udongo ilitoa mizizi. Baada ya masika mawili ilikuwa imemeza mchaichai wa mke wangu na kupenya chini ya geti hadi kwa jirani, ambaye alinijia na shina mkononi akiuliza kama ni mali yangu. Tuliing'oa siku tatu, tukatupa mabaki nyuma ya nyumba, nayo yakaota huko huko. Baadaye ndipo nilipojua kwamba imo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Shamba_Darasa: Mzee, mabaki yalipaswa kuanikwa juani yakauke kabisa. Kwenye mteremko wedelia hushika udongo vizuri.

Fagio_la_Chelewa: Yote hayo ni maficho ya nyoka. Ua uliofagiliwa, nyoka unamwona angali mbali.

Mama_Miche: Na ua huo huo kila masika huchukuliwa na maji hadi msingi wa nyumba unabaki wazi. Nyoka hufuata panya. Safisheni stoo kwanza.

Mjenzi_Kigamboni: Samahani kwa kuchelewa. Udongo ni mchanga mtupu, nusu ya ua iko chini ya mwarobaini, na maji ni ya kisima, yana chumvi.

Mama_Miche: Hapo nasita, kwa sababu chumvi itaidhoofisha karanga. Ile Ipomoea pes-caprae inayotambaa ufukweni huistahimili, ila haipendi kukanyagwa. Jaribu kipande kidogo kwanza.

Mjenzi_Kigamboni: Sikutaja pia kwamba nina kuku 11.

Shamba_Darasa: Wamefungiwa bandani, au wanazurura?