MREJESHO: Flashi ya GB 64 imepona, memori kadi imegoma

Wakuu, ahsanteni sana. Niliuliza kuhusu flashi ya GB 64 iliyobaki kuonyesha MB 200 baada ya kuwekewa Linux, na memori kadi isiyokubali kufutwa kitu.

Flashi imepona kwa diskpart, programu ya Windows ya kupanga diski kwa amri za kuandika. Fungua CMD (dirisha la amri) kwa Run as administrator, andika diskpart, kisha list disk. Hapo tuliza macho kwenye safu ya ukubwa: flashi ilisomeka Disk 1, GB 57. Ukikosea ukachagua diski nyingine, unaweza kufuta kila kitu kilichomo. Ikafuata select disk 1, clean, create partition primary size=30000, format fs=fat32 quick, assign. Hiyo size (kwa MB) ni ya lazima, maana Windows 10 hugoma kutengeneza FAT32 inayozidi GB 32, na sabufa ya hapa dukani Majengo haisomi exFAT, mfumo mwingine wa kupanga faili. Nafasi iliyobaki imekaa bure, lakini nyimbo zinapiga.

Memori kadi imeshindikana. Attributes disk clear readonly ilijibu vizuri, ila kuformati ikagoma, hata kwenye adapta nyingine ambayo kitufe chake cha lock kipo juu (hakijafungwa). Kadi yenyewe imejifunga, inasoma tu. Mkuu uliyesisitiza picha zinakiliwe kwanza, Mungu akubariki, zote zipo salama.